Jike wa miezi kumi bado hajafika: jibu langu kwa anayetaka kupandisha German Shepherd wake

Mkuu, umeuliza kama jike wako wa German Shepherd mwenye miezi kumi, aliyeingia joto mara ya kwanza, unaweza kumpandisha kwa dume wa jirani, kisha watoto uwauze wakifika wiki tano kwa sababu mnunuzi yupo tayari. Nazalisha mbwa hawa hapa Arusha kwa miaka mingi sasa, na nakuomba kwa dhati: joto hili liache lipite. Atarudi tena baada ya miezi sita hivi.

Kwa umri huo mifupa yake bado inakua, na mimba itagombania chakula kilekile na mwili wake. Mimi sipandishi jike kabla ya miaka miwili. German Shepherd huandamwa na ugonjwa wa kurithi wa nyonga: mfupa wa paja haukai sawasawa kwenye tundu lake, na mbwa anaweza kuishia kuchechemea kwa maumivu. Kwa jike kijana anayerukaruka uani huuoni kwa macho, unaonekana kwa picha ya eksirei, na kwa Marekani cheti cha kudumu cha nyonga hakitolewi kabla mbwa hajafikisha miezi 24. Waulize hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, au kliniki kubwa ya mifugo mjini, kabla hujamtafutia dume.

Kuhusu huyo dume, ukubwa wa kichwa usikupumbaze. Uliza usiku analala wapi. Kama geti linafunguliwa anazurura mtaani na mbwa koko, anaweza kuwa na ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, wenye nyama nyekundu za mafundomafundo na damu inayodondoka kidogokidogo. Unatibika, lakini kwa sindano za saratani za wiki baada ya wiki. Kuna pia bruselosi, inayoharibu mimba na kuambukiza hata binadamu. Uliza na wazazi wake ni nani. Mbwa wengi wa mji mmoja wametoka kwenye nyumba mbili tatu zilezile, na watu wanapandisha kaka na dada bila kujua.

Afya ya watoto unaijenga kwa mama. Chanjo zake ziwe zimekamilika kabla hajapandwa, maana kinga hiyo ndiyo atakayowapa watoto kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, na matumbo yao huipokea ndani ya siku ya kwanza tu. Minyoo nayo huanzia kwake: mabuu waliolala kwenye nyama zake huamka wakati wa mimba na kuingia kwa watoto wakiwa bado tumboni. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa kwenye sakafu safi kabisa anaweza kuwa na tumbo la minyoo akiwa na wiki tatu. Dawa naanza wiki ya pili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane, kwa kipimo cha uzito wa kila mmoja.

Chakula chake kiangalie sana. Kwetu mahindi yaliyoota ukungu, yasiyofaa kwa ugali wa nyumbani, ndiyo hupelekwa kwa mbwa. Hiyo sumukuvu ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa nalo haliihimili. Mpe dona safi, dagaa waliooshwa mchanga, mayai, nyama. Unga wa mifupa na vidonge vya kalsiamu usimpe akiwa na mimba, hata ukishauriwa na muuza duka. Mwili ukizoea kuletewa, unachelewa kutoa kalsiamu yake pale maziwa yanapoihitaji. Akiwa ananyonyesha, hasa wiki ya pili mpaka ya nne, ukimwona anahema bila joto, anatetemeka na miguu inakakamaa, watoe watoto na umkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Asubuhi ni mbali.

Mimba ni siku 63 kwa wastani. Kuanzia siku ya 58 mpime joto asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37 kwa kawaida anazaa ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, mpigie simu daktari wa mifugo. Sindano ya kuongeza uchungu isichomwe kwa kubahatisha: kama mtoto amekwama, inaweza kupasua kizazi.

Wiki ya kwanza adui mkubwa ni baridi, kwa kuwa mtoto hawezi kujipasha joto mwenyewe. Huku kwetu mwezi wa Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani; usithubutu, ile hewa yake inaua mama na watoto pamoja. Tumia chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo, na uache upande mmoja wa sanduku bila chupa ili wakisikia joto wajisogeze. Mtoto aliyepoa mpashe joto kwanza, polepole, ndipo umpe maziwa, kwa sababu tumbo lililopoa halisagi kitu. Wapime kila siku kwa mizani ya jikoni. Wakifika siku ya kumi wawe wamefikia mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Mizani itakuambia nani anasukumwa kwenye chuchu siku mbili kabla macho yako hayajaona. Na kupe wakiingia, usiwaogeshe watoto kwa dawa ya josho la ng'ombe. Kupe watoe kwa mkono.

Sasa hizo wiki tano. Kinga ya mama inashuka taratibu tangu watoto wazaliwe, lakini iliyobaki bado ina nguvu ya kuizuia chanjo isishike. Kuna kipindi ambapo imepungua mno kumlinda mtoto dhidi ya parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia matumbo, na bado inatosha kuiua chanjo. Hakuna anayejua siku kamili kwa kila mtoto, ndiyo maana chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Wewe unataka kumhamisha katikati ya kipindi hicho, kwenda kwenye uwanja usioujua. Kirusi cha parvo hukaa ardhini miezi mingi na sabuni haikiui. Kinachokiua ni Jik, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, kwenye sakafu iliyokwisha oshwa. Nimeona uzao mzima ukiisha kwa kutapika na kuhara damu ndani ya wiki moja.

Wakibaki kwako mpaka wiki ya nane, ndugu zao huwafundisha kung'ata bila kuumiza. Huo pia ndio wakati wa kuwazoesha bodaboda, mvua juu ya bati, watoto wa shule, watu wenye kofia. Wapo wanaofungia mtoto bandani ili awe mkali. Wanapata mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayemng'ata mtoto wa nyumbani.

Mnunuzi mwenye haraka mwambie asubiri. Akikataa, muulize banda lake likoje na nani atampeleka mbwa chanjo ya kichaa akifikisha miezi mitatu. Akikubali kusubiri, mpe kadi yenye tarehe za minyoo na chanjo, na mwandikie kwamba siku akishindwa kumlea amrudishe kwako. Mimi nawapokea, hata wakiwa wakubwa.