Dagaa wangu walivyouzwa na jibu moja: kwa kijana wa Musoma na wengine wenye swali lake

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Musoma anayeuza sato wa kukausha kwa moshi aliniandikia ujumbe mrefu. Aliniamkia vizuri na kuniita mama, jambo ambalo ninamsamehe kwa sababu ya shida aliyoileta: amebandika tangazo lake katika magrupu ya WhatsApp, Telegram na Facebook hadi amepoteza hesabu, ametolewa katika mengi, na hajauza hata kilo moja. Mwishoni aliuliza kama ninalo kundi zuri la kumwingiza.

Makundi ninayo, lakini hakuna litakalomfaa akiingia vile anavyoingia sasa. Ninamjibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna bidhaa nzuri nyumbani na mnatamani zifike Dodoma, Dar es Salaam na hata ng'ambo ya mpaka bila kulipia tangazo la redio.

Mimi ninauza dagaa. Ninawachukua katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na katika visiwa vya Ukerewe, ninawachambua, ninawafungasha na kuwasafirisha. Habari za mtaji na za kutafuta mifuko inayofaa nitaziruka, kwani kila mfanyabiashara anazijua na hazina raha kuzisimulia. Biashara yenyewe iliamka siku nilipokutana na uzi mmoja, yaani mjadala mmoja, katika JamiiForums, jukwaa la mtandaoni ambalo limekuwepo tangu mwaka 2006 na ambalo Watanzania wengi hulipitia hata kama hawajawahi kuandika neno. Mfugaji wa kuku alikuwa ameuliza kwa nini dagaa wa Mwanza aliowanunua kwa bei rahisi walikuwa na mchanga mwingi chini ya gunia. Wachangiaji walikuwa wakimtania tu. Mmoja alimwambia, «Mkuu, hiyo ndiyo kalsiamu yenyewe.»

Nilikaa nikamwandikia jibu refu. Nilimweleza kwamba dagaa wa bei ya chini kwa kawaida huanikwa moja kwa moja juu ya mchanga wa ufukweni, na mvua ikinyesha kabla hawajakauka hulowa tena, hubadilika rangi, na wengi huishia kuwa chakula cha mifugo. Wanaoanikwa juu ya chanja hupata hewa chini na juu, hukauka upesi na hubaki na ule mng'ao wa fedha. Nikampa na namna ya kuwapima kabla ya kulipa: atie kiganja kimoja cha dagaa ndani ya bakuli jeupe lenye maji ya vuguvugu, awakoroge taratibu, awatoe kwa mkono, aache maji yatulie, kisha apitishe kidole chini ya bakuli. Kidole hakidanganyi. Sikuweka bei wala namba ya simu.

Jioni ileile mfugaji aliniuliza, «Dada, kwani wewe unauza?» Ndivyo nilivyompata mteja wa kwanza nisiyemfahamu kwa sura. Miezi mingi baadaye mwenye duka wa Dodoma alitafuta mtandaoni habari za dagaa wenye mchanga, akaletwa kwenye jibu lilelile, akalisoma mpaka mwisho na kunitafuta. Mwezi huu ameagiza mzigo mkubwa kuliko wote niliowahi kupakia katika stendi ya Nyegezi, na sioni sababu ya kuficha furaha yangu, hasa nikiwakumbuka waliosema kwamba mwanamke anayekaa kwenye simu hana kazi.

Kijana wangu anapaswa kuitazama tofauti hiyo. Tangazo lililowekwa katika grupu la WhatsApp huzama chini ya salamu za asubuhi na rambirambi kabla ya saa sita mchana, na aliyeingia leo kwa kawaida haoni yaliyoandikwa jana. Jibu zuri katika jukwaa la wazi hubaki mahali ambapo mtu anayetafuta anaweza kulifikia hata mwaka ujao. Kwa hiyo nguvu zako nyingi zipeleke kwenye maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bidhaa yako. Mimi huulizwa kila mwezi kwa nini bei hupanda ghafla, nami hujibu bila kuchoka kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwakusanyi, hivyo mitumbwi mingi hukaa pwani mpaka giza lirudi. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, watu waliuliza kama mzigo wa Sengerema utachelewa kama zamani, nikawaeleza kwamba gari sasa halisubiri kivuko. Majibu ya namna hiyo yameniletea wateja kuliko picha zote nilizowahi kupiga.

Jambo la pili ni bei. Iandike. Sijui nani aliwafundisha wafanyabiashara wetu ile «bei njoo inbox», maana mnunuzi anayeisoma huhisi kwamba atakadiriwa kwa sura ya picha yake. Andika bei ya kilo, bei ya gunia, nauli ya basi, na siku ambayo bei hiyo itakoma. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii», kwa hiyo usishangae mgeni akikuogopa. Tumia lipa namba yenye jina la biashara, na mzigo ukishapakiwa mtumie picha ya risiti ya basi kabla hajauliza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado linaniuma. Katika uzi wangu alijitokeza mtu mwenye jina la bandia akaandika kwamba alinunua kwangu na akakuta mchanga nusu gunia. Nilipitia daftari langu la mauzo ukurasa kwa ukurasa. Nilimwomba hapohapo, mbele ya wote, ataje siku aliyopokea mzigo na basi lililoubeba ili nimrudishie fedha yake yote, na hajajibu mpaka leo. Wateja wangu wawili walinitetea bila kuombwa. Hata hivyo maneno yake bado yapo, na wapo wanaoyasoma bila kushuka chini kuona ombi langu. Ninadhani ninamjua, na ninadhani naye anauza dagaa.

Ndugu zangu, msijibu matusi kwa matusi. Msifungue akaunti ya pili ili mjisifu, kwa maana wana jukwaa si watoto. Nimemwona muuza asali akijiuliza swali na kujijibu mwenyewe kwa makosa yaleyale ya herufi, akachekwa mpaka akahama. Someni kanuni za kila kundi kabla ya kuandika, muombe ruhusa kwa msimamizi, na mkikatazwa kutangaza mtii. Muwe na subira. Vijana wa siku hizi mnataka kuvuna siku mliyopanda, kisha mnasema mtandao hauna riziki! Mchangie hata mahali ambapo hamna cha kuuza, kwa sababu watu hununua kwa mtu waliyekwisha kumzoea. Na nasema tena, muwe na subira.

Msiweke biashara yote mahali pamoja pia. Juni 2018 JamiiForums ilifungwa kwa muda kutokana na kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, na waliokuwa na wateja ndani ya jukwaa hilo tu hawakuwa na pa kuwapata. Mimi majina na namba za wanunuzi huyaandika daftarini, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika Mei 2023 humwuliza kila mmoja kama ananiruhusu kuhifadhi namba yake na kumjulisha mzigo mpya ukifika. Mwambie naye ahifadhi yako, kwani ujumbe wa «broadcast» wa WhatsApp, unaotumwa kwa wengi kwa pamoja bila kundi, humfikia tu aliyekuhifadhi.

Kijana wa Musoma aache matangazo kwa mwezi mzima. Afungue uzi mmoja kuhusu sato wa moshi: kuni anazotumia, muda samaki wanaokaa juu ya moto, siku wanazodumu bila jokofu, na namna ya kuwaroweka kabla ya kuwapika kwa nazi. Aweke picha ya tanuri lake jinsi lilivyo, masizi na yote, bei aiandike chini kabisa, kisha anitumie kiungo. Nitakuwa wa kwanza kumwuliza swali, na akiniita mama mbele ya watu nitalijibu mwenyewe.