Ulikuwa nyuma yangu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza ujibu nini watu wakitaka kujua unasomea nini, maana ukitaja shahada ya uzamili ya sanaa wanacheka, au wanakutazama kama mtoto wa tajiri anayechezea rangi. Ujibu nini, sijui. Ninachojua ni nilichojibu mimi.

Kwenye harusi ya binamu yako, yule mzee wa meza yetu aliponiuliza, nilisema unasomea usanifu wa majengo. Neno lilitoka lenyewe. Kumbe ulikuwa nyuma yangu. Ukamwamkia mzee, ukakaa, hukusema kitu hadi tunafika nyumbani. Afadhali ungenigombeza. Kazi hiyo aliifanya mama yako, na hajaimaliza.

Nilijitetea kwamba nilikuwa nakukinga. Nakukinga na nini? Mzee alikuwa anatafuta mazungumzo tu. Tuseme ilikuwa hofu. Hapana, ilikuwa aibu, tena yangu, si yako.

Siku ile ulipotusimulia kesi ya mchoraji Whistler, aliyemshtaki mhakiki Ruskin kwa kuikashifu kazi yake, London, 1878, nyote mlicheka. Wakili wa Ruskin anamuuliza mchoraji kama kweli anadai gini 200, pesa za zamani za Uingereza, kwa kazi ya siku mbili, naye anajibu kwamba anadai kwa ujuzi alioukusanya maisha yake yote. Akashinda, fidia ikawa robo peni, na mwaka uliofuata akafilisika. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa namfikiria yule wakili. Swali lake nimewahi kukuuliza mbele ya turubai yako: "Hii imekuchukua muda gani?"

Mkono haudanganyi, nakuambia tangu ulipochora ukuta wa sebule kwa mkaa. Nimeviona vidole vyako baada ya kukesha. Nimehudhuria kile kikao cha kuhakiki kazi, walimu wanakuchambua nawe umesimama tu. Kazini kwangu hakuna aliyewahi kubanwa hivyo, halafu watu wanasema mnacheza! Ingawa yule mwenzako aliyeleta kiti kitupu... Mkono haudanganyi, lakini si lazima kwanza uguse kitu?

Basi, wakili huyo amerudi.

Kuhusu zile turubai zako tatu nyeusi za maonyesho ya kuhitimu, maoni ninayo, ila mama yako amenikataza. Niseme tu kwamba ile ya katikati niliirudia mara nne, na mara ya nne... Haya, nimenyamaza.

Baba