Mluzi wa pumzi baada ya kupasuliwa koo la hewa

Dada wa Ngamiani, pole kwa kuuguza. Umeuliza mdogo wako, aliyepasuliwa koo la hewa miezi miwili iliyopita, afanyeje kovu lisije likambana pumzi.

Sikiliza anavyopumua, hasa akipanda ngazi au akilala. Akivuta hewa ikatoa mluzi, usikubali kuambiwa ni pumu tu kabla koo halijaangaliwa kwa kamera. Kovu hubana polepole, wiki au hata miezi baada ya upasuaji, na dawa ya kupuliza ya pumu hailifungui. Likiwahiwa, daktari bingwa wa masikio, pua na koo anaweza kulipanua kwa puto au kulichoma sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Hapo hospitali ya Bombo, Tanga, ombeni rufaa mapema.

Nyumbani adui mkubwa ni moshi. Jiko la mkaa litoke nje kabisa, na asivute sigara. Kiungulia nacho msikidharau: asidi ikipanda usiku huunguza kidonda kibichi. Ale mapema, alale kichwa kikiwa juu.

Akivuta pumzi mkaona ngozi ya shingo inabonyea ndani, msingoje kuche. Mpelekeni usiku huo huo.