Je, uongozi wa chama chuoni utanisaidia kazini?

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma shahada ya biashara, mwaka wa pili. Wenzangu wamenichagua niwe mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa biashara. Baba hataki kabisa. Anasema waajiri wanaangalia alama tu, na vyama ni vya watu wasio na kazi ya kufanya. Isitoshe, niko kwenye klabu nne: ya mdahalo, ya uwekezaji, ya kujitolea na Enactus (ya miradi ya ujasiriamali), ili wasifu wangu usionekane mtupu. Nishike lipi?
Mweka hazina mtarajiwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Uweka hazina uchukue. Klabu uzipunguze, tena upesi.

Mimi ni mhasibu, na nimekaa miaka mingi kwenye majopo ya usaili wa wahitimu wa biashara. Wasifu wenye klabu tano huwa naupita haraka, maana uanachama mtupu hauniambii mtu alifanya nini. Ninachotaka kujua ni kama kuna fedha, watu au shughuli ambayo ingeharibika usingekuwepo.

Namkumbuka binti mmoja aliyekuwa na wadhifa kama huo wako. Nilipomuuliza alifanya nini, hakunitajia uongozi wala kujituma. Alinieleza kwamba alikabidhiwa mfuko wa risiti, nyingine hazina tarehe, na salio la daftari halikulingana na taarifa ya benki. Akamwita mweka hazina aliyemtangulia, wakakaa wakapitia ingizo moja moja wakitia alama ya vema. Wakakuta malipo mawili ambayo benki ilikuwa haijayapitisha, na mchango wa mdhamini uliokuwa umeingia benki bila kuandikwa daftarini. Baada ya hapo alikataa kumrudishia mwenyekiti fedha za usafiri mpaka alete risiti. Mwenyekiti alinuna, lakini risiti ikaja. Wenzake walikuwa wameusoma usuluhisho wa benki, yaani huko kulinganisha daftari na taarifa ya benki, darasani, kwenye swali ambalo tarakimu zote zimeshapangwa. Yeye aliufanya huku watu wakimkasirikia. Jopo zima lilimkubali.

Kuna jambo jingine ambalo chama kinafundisha kuliko darasa. Chamani huna mshahara wa kumkata mtu wala barua ya onyo ya kumpa. Anayekuja kupanga viti amekuja kwa hiari yake, na asipokuja huna la kumfanya. Ukijifunza kumfuatilia mtu wa namna hiyo bila kumuudhi, kazi ikafika mwisho, umejiandaa kwa miaka yako ya kwanza ya ajira, maana utatumwa kukusanya taarifa kwa wakuu wa idara ambao wewe si bosi wao.

Na watu utakaofahamiana nao wana thamani yao. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya utafiti aliofanya Newton, karibu na Boston, Marekani, kwa watu waliokuwa wamebadilisha kazi. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 17 hivi tu ndio waliokuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 56 hivi walionana naye mara mojamoja, na 28 hivi hawakuwa wakionana naye ila kwa nadra sana. Rafiki yako wa karibu anazijua nafasi zilezile unazozijua wewe. Yule mliyeandaa naye kongamano moja, kisha kila mtu akashika njia yake, ndiye anayesikia yasiyokufikia.

Hata hivyo, baba yako usimpuuze. Waajiri wengi huweka kiwango cha alama katika mchujo wa kwanza, na aliye chini ya hapo hapati nafasi ya kueleza habari za chama. Kwa hiyo mwendee na ratiba mkononi. Mwonyeshe wiki za mitihani ambazo hutapokea kazi ya chama, na mtaje msaidizi atakayekushikia. Mwahidi kwamba alama zikishuka muhula huu, utajiuzulu. Nadhani mzazi akiona umepanga atakusikiliza.

Katika zile klabu nne, kama muda unaruhusu, baki na Enactus. Humo wanafunzi wanaendesha miradi halisi na kuieleza mbele ya majaji wanaotoka kwenye biashara. Hayo ni mazoezi ambayo yatakufaa. Zilizobaki ziache, na wenzako wa humo waage vizuri.

Ila kabla hujapokea fedha hata kidogo, dai makabidhiano ya maandishi: salio la benki siku hiyo, fedha taslimu zilizohesabiwa mbele ya mashahidi, na orodha ya madeni. Hakikisha akaunti ina watia saini wawili au zaidi, na malipo yoyote hayatoki kwa saini yako peke yako. Mwisho wa mwaka andika taarifa ya mapato na matumizi, iwasilishe kwenye mkutano mkuu, kisha ujibakizie nakala. Ukiitwa kwenye usaili, nenda nayo.