"Narudi sasa hivi"

Ilikuwa Januari, Dar, saa saba mchana. Mimi na mbwa wangu Tomi tulikuwa tunatoka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, nikapaki Mwenge ninunue sabuni na mchele. Gari lilikuwa kivulini, chini ya mwarobaini. Nikashusha vioo vidole viwili, nikamwambia, "Narudi sasa hivi."

Dukani muuzaji hakuwa na chenji. Akamtuma kijana kwa jirani, kijana naye akapotelea hukohuko. Sasa hivi yangu ikafika dakika ishirini na ushee.

Nilipotoka, kivuli kilikuwa kimehamia gari la pili. Dogo anayeosha magari pale alikuwa amesimama dirishani kwangu. "Bosi, mbwa wako hayuko sawa."

Tomi alikuwa anatweta mpaka mbavu zinacheza, udenda mzito unavutika kama mlenda, fizi nyekundu. Nilipomshusha, miguu ikapishana kama ya mlevi. Dogo hakuniuliza. Alichukua ndoo yake ya kuoshea magari akammwagia maji tumboni na mapajani, mimi nikawa nampepea kwa kipande cha boksi.

Daktari wa mifugo alinieleza baadaye, bila kunionea haya. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, labda kidogo tu kwenye nyayo. Anajipoza kwa kutweta, na kwa unyevu huu wa pwani kutweta kwenyewe hakusaidii sana. Jua linapita kwenye kioo, linachemsha dashibodi na viti, na joto lile halitoki. Dakika kumi za kwanza zinaweza kuongeza nyuzi kama 10. Ukiwa na 32 nje, ndani una 42, na saa moja ikifika umepita 50. Mbwa mzima ana nyuzi 38 hadi 39. Akifika 41 yuko hatarini. Vile vidole viwili vya kioo havipunguzi kitu cha maana. Wenye pua fupi ndio huwahi kuzidiwa.

Kwa hiyo yakikukuta: mtoe juani, mmwagie maji ya bomba, usisubiri barafu. Mpepee. Akitaka kunywa anywe, usimlazimishe. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, linafungia joto. Halafu mpeleke kwa daktari hata kama ameshaanza kutikisa mkia, maana figo zinaweza kuleta shida baada ya siku moja au mbili. Tomi alitundikiwa dripu na kulala hukohuko.

Ukimwona mbwa wa mtu mwingine kafungiwa garini, muite mlinzi, au ingia dukani waitangaze namba ya gari. Kuvunja kioo cha watu peke yako mjini hapa, kabla hujamaliza kujieleza umeshaitiwa mwizi. Kuwe na shahidi kwanza. (Na wale mnaotoka mkoani na kuku kwenye buti, mkisimama kula chipsi, hesabu ni hiyohiyo.)

Siku hizi nikiwa na Tomi siingii dukani. Nikihitaji kitu namtuma mtu, nabaki na kiyoyozi kinaunguruma na mafuta yanakwenda. Mwenge bado napaki palepale. Dogo hanisalimii kwanza, anachungulia kiti cha nyuma, ndipo anasema, "Mambo, bosi."