Mtego usikae karibu na mawaridi

Ndugu, umeuliza kwa nini mbawakawa wa Kijapani, wadudu wanaotafuna majani, wamezidi tangu utundike mtego wao kando ya mawaridi. Harufu ya mtego huwavuta kutoka mbali, na wengi hutua kwenye majani kabla ya kuufikia. Uondoe, au uupeleke mbali kabisa na mimea, zaidi ya mita 10.

Mimi nategemea mkono. Asubuhi mapema, wakiwa bado wazito kuruka, watikise waangukie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Fanya hivyo kila siku, maana majani yaliyotafunwa huwaita wenzao. Mabuu wao hula mizizi ya nyasi ardhini.

Tafadhali usipulizie dawa maua yaliyochanua, utaua nyuki. Na kama mdudu huyu ni mgeni eneo lenu, mjulishe afisa kilimo haraka.