MaikroRNA na saratani ya tumbo: maswali na majibu

MaikroRNA ni nini, na tumbo linahusikaje?

Ni vipande vifupi vya RNA, herufi 22 hivi, visivyotengeneza protini. Kazi yake ni kuzuia RNA nyingine zisigeuzwe kuwa protini. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024 kwa kuzigundua katika mnyoo mdogo, C. elegans. Saratani ya tumbo iliyo ya kawaida zaidi hupitia hatua kwa miaka mingi: gastritisi sugu (uvimbe wa muda mrefu wa utando wa tumbo), mara nyingi kutokana na bakteria H. pylori, tezi kunyauka, utando wa tumbo kugeuka ukafanana na wa utumbo, yaani metaplasia, displasia (seli kuanza kuwa na sura isiyo ya kawaida), kisha saratani. MaikroRNA huanza kubadilika mapema katika safari hiyo, kabla saratani haijawepo.

Nimesoma kwamba miR-21, mojawapo ya maikroRNA, ikipanda ni saratani. Kweli?

Hapana. Ni kweli hupanda kwenye saratani ya tumbo na kukandamiza PTEN na PDCD4, jeni zinazozuia seli kuzaliana ovyo. Lakini hupanda pia kwenye gastritisi ya H. pylori isiyo na saratani, na kwenye saratani za matiti, mapafu na utumbo mpana.

Upo mtego mwingine ambao wengi hawauoni. miR-192, miR-194 na miR-215 ni za kawaida katika seli za utumbo. Zikiwa nyingi kwenye kinyama cha tumbo (kipande kilichokatwa kwa uchunguzi), huenda kimejaa metaplasia tu: seli zilizomo ni za aina nyingine, si seli zilezile zilizoongeza uzalishaji. Mpatholojia asome kwanza slaidi ya kipande cha jirani na kukadiria metaplasia ni asilimia ngapi. Bila hivyo, namba ya PCR, kipimo kinachorudufisha vipande ili vihesabike, haina maana.

Tunapima plazma (majimaji ya damu) maabara, majibu ya mgonjwa yuleyule yanayumba. Tatizo nini?

Anzeni na chembe nyekundu za damu zilizopasuka. Zimejaa miR-451a na miR-16, na maabara nyingi hutumia miR-16 kama rejea. Zikipasuka, rejea hupanda, na kila kinacholinganishwa nayo huonekana kimeshuka. Jicho halitoshi, kwa sababu plazma huharibika kabla haijawa ya waridi. Pimeni ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414, ukizidi 0.2, itilieni shaka. Kisha chukueni Ct (idadi ya mizunguko ya PCR hadi kipande kionekane) ya miR-23a-3p, mtoe Ct ya miR-451a. Tofauti ikizidi 7, sampuli hiyo itupwe.

Tumieni chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Ya kijani ina heparini, nayo huzuia vimeng'enya vya PCR. Igeuzeni taratibu, msiitikise. Ndani ya saa 2 izungusheni kwa 2,000 g dakika 10, mnyonye plazma mkiacha kidogo juu ya tabaka jeupe, kisha mrudie kwenye chupa mpya kwa 10,000 g ili kuondoa chembe sahani, ambazo zina miR-223 tele. Gawanyeni katika ujazo mdogo, mgandishe kwenye −80°C, na kila chupa iyeyushwe mara moja tu.

cel-miR-39, maikroRNA ya C. elegans inayotiwa kudhibiti uchimbaji wa RNA, iongezwe baada ya dawa ya kuvunja seli. Mkiitia kwenye plazma tupu, vimeng'enya vya damu vitaimaliza papo hapo. U6, RNA nyingine fupi, msiitumie kama rejea ya plazma, haitulii.

Kuna kipimo cha damu kilichoruhusiwa?

Kipo. Singapore iliidhinisha GASTROClear mwaka 2019; hupima maikroRNA 12. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha usikivu (wenye saratani kinaowapata) wa 87% na umahususi (wasio nayo kinaowapa majibu safi) wa 68.4%. Fanyeni hesabu: tuseme watu 10,000, kati yao 20 wana saratani. Kipimo kitawapata 17 hivi na kuwakosa 3, huku watu 3,150 hivi wasio na saratani wakipewa majibu ya kutia shaka. Kwa hiyo huchagua nani apelekwe kwenye kamera ya tumbo. Kamera yenyewe bado ni lazima.

Majibu ya kamera yanasema nina metaplasia. Nitafute kipimo cha maikroRNA?

Kwanza tibu H. pylori, kisha hakikisha imeisha kwa kipimo cha pumzi au cha antijeni kwenye choo, angalau wiki 4 baada ya antibiotiki na wiki 2 baada ya kuacha omeprazole. Uliza pia vinyama vilitoka wapi. Vinavyotakiwa ni 5: viwili vya antramu (sehemu ya chini ya tumbo), kimoja cha kona ya tumbo, viwili vya mwili wa tumbo, na vya antramu visichanganywe chupa moja na vya mwili. Metaplasia ikiwa imeenea sehemu zote mbili, mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka kamera kila miaka 3, na mapema zaidi kama mzazi, ndugu wa damu au mtoto wako amewahi kupata saratani ya tumbo. Kinyesi kikiwa cheusi, uzito ukishuka au chakula kikikwama, usisubiri tarehe hiyo.